Tegi Haiazimwi

Sehemu ya Saba

“Tegi gani tena, Bi Twaiba? Mbona nilikwisha kukurudishia!”

Ndiyo, wasomaji. Juma zima mmekuwa mkiapa kwamba Bi Chiku akibanwa mlangoni kwake ataungama. Haya, jibu lake ndilo hilo. Bi Twaiba kasimama pale kibarazani, kijijini kwao Jego, jasho linamtiririka, miguuni kavaa ndara zisizofanana, na jirani yake anamkodolea macho makavu.

Kwa aliyetukuta njiani, namweleza upesi. Issa, kijana wa Bi Twaiba, yuko seli. Ijumaa magharibi gari lilimgonga mkata miwa aitwaye Tembo, karibu na geti la kulipia barabara pale Ramisi, na dereva akakimbia. Tembo amelazwa, hajafumbua macho hadi leo Jumapili. Mashine ya geti imesema gari lililopita wakati ule lilikuwa na tegi, kile kibandiko cha kiooni kinacholipia geti, ya Probox ya Bi Twaiba, ambayo dereva wake ni Issa. Kesho Issa anasimamishwa mbele ya hakimu.

Na hiyo Probox? Iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, gearboksi imeshushwa, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Polisi wameambiwa. Wakajibu kwamba fundi ni rafiki yake Issa na atasema lolote, lakini mashine haina rafiki.

Kumbe tegi ilikuwa imeazimwa! Ijumaa asubuhi Bi Chiku alikuja na hodi yake, ana maziko Msambweni, na gari walilokodi halina tegi. Bi Twaiba akaichomoa kwenye kioo, maana Issa alikuwa ameibandika juu ya kijipande cha plastiki, akampa kama anavyompa mbuzi ya kukunia nazi kila siku. Nani angemnyima mfiwa? Mimi na wewe tungempa vilevile, na hapo ndipo tunapoponzeka.

“Ulinirudishia lini?” Bi Twaiba aliuliza.

“Ijumaa ileile, baada ya alasiri. Ulikuwa unafagia uwanja mbiombio, una wageni wa posa wanakuja. Nikakupa kikapu.”

“Kikapu ulinipa. Kilikuwa na mkate wa sinia.”

“Na chini ya mkate?”

“Chini ya mkate kuna nini?”

“Si hiyo tegi yako!” Bi Chiku alipiga makofi. “Niliifunga kwenye nailoni, nikailaza chini, juu nikaweka mkate. Sasa ningekurudishia kitu chako mikono mitupu, kama mtu niliyelelewa porini?”

Bi Twaiba aliketi. Hakukaribishwa, aliketi tu, palepale sakafuni.

“Bi Chiku,” akasema polepole, “mimi kile kikapu sikukifunua.”

“Hukukifunua? Ndiyo maana hata ahsante sikuisikia! Nikasema moyoni, huyu keshaanza majivuno, anaozesha Ukunda. Sasa mkate wangu uliupeleka wapi?”

“Niliwapa wageni.”

“Wageni gani?”

“Wa posa. Bi Mwanaima na mwanawe Mbarak. Walipoaga nilikuwa sina hata kashata ya kuwafungia. Nikakiona kikapu chako, kinanukia iliki. Nikawaambia chukueni, mtakula njiani.”

“Mkate wangu ukampa mkweo, ukasema umeupika wewe?”

“Sikusema nimeupika mimi.”

“Ulisema kaupika nani?”

“Sikusema kitu, Bi Chiku! Niache nifikiri!”

Lakini alikuwa ameshafikiri. Ijumaa, kabla ya magharibi, Noah nyeupe, gari la Mbarak, iliondoka uwanjani kwake ikielekea Ukunda. Kwenda Ukunda ni lazima upite Ramisi, na Noah haina tegi yake, hulipa taslimu. Kikapu kilikuwa mapajani kwa Bi Mwanaima, na ndani ya kikapu, chini ya mkate, ile tegi. Mashine ya geti haihitaji kuiona tegi kwa macho. Inaisikia kama redio inavyosikia stesheni, hata iwe ndani ya kapu, hata iwe chini ya chakula.

“Ni wao,” Bi Twaiba alinong’ona. “Ni wao waliomgonga Tembo wa watu.”

“Subhanallah!” Bi Chiku naye akaketi. “Na ndani ya gari walikuwa nani na nani?”

“Mbarak, na mamake, na…”

Akaanza kuitafuta simu yake.

“Na nani, Bi Twaiba?”

“Na Subira.”

Subira ni binti yake, ndiye mposwa mwenyewe. Anauza kwenye duka la dawa Ukunda. Alikuja nyumbani kwa ajili ya posa, na jioni akapata lifti ya kurudi kazini pamoja na mkwewe. Maana yake ni nini? Maana yake Subira aliona. Tangu Ijumaa anajua, na kakake yuko seli, naye kimya.

Bi Twaiba alipiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

“Labda yuko kazini,” Bi Chiku alisema.

“Jumapili?”

“Basi labda analala.”

“Bi Chiku, usinitulize kama mtoto mchanga.”

“Haya, twende polisi.”

“Nikawaambie nini? Kwamba mkate wa sinia ulimgonga mtu? Jana niliwaambia gari liko juu ya mawe wakacheka. Afande akanambia, mama, sisi tunafuata mashine. Kama mashine imekosea, wenye mashine watuletee neno.”

Bi Chiku alimshika mkono. “Ukiwaendea wenye mashine, posa imekufa. Unajua?”

“Najua.”

“Na mtoto wa kike posa ikimfia namna hii, mji mzima utasema.”

“Na nisipokwenda?”

Bi Chiku akamwinua sakafuni, akamwitia bodaboda.

* * *

Ofisi ya geti la Ramisi ni kikontena kilichopakwa buluu, kimeandikwa MWENDO MWEMA. Jina zuri. Bi Twaiba alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, akasimama dirishani. Ndani alikuwamo msichana wa bara, jina lake limebandikwa kifuani, Beryl, masikioni kaziba kwa nyaya za simu.

Bi Twaiba akangoja shikamoo. Haikuja.

“Sema, mathe.”

“Mwanangu, tegi yangu ilipita hapa Ijumaa magharibi, lakini gari langu halikupita. Nataka mniandikie hivyo polisi.”

“Hiyo malalamishi unaweka kwa epu.”

“Epu gani?”

“Ya kampuni, kwa simu. Unaingia, unabonyeza msaada, unangoja.”

Bi Twaiba akaitoa simu yake, imefungwa raba ili betri isianguke. “Hii epu inaingilia wapi, mwanangu? Nionyeshe tundu.”

Beryl alitaka kucheka, akajizuia. “Basi kuja kesho. Jumapili hatufanyi marekebisho.”

“Kesho mwanangu yuko mbele ya hakimu!”

“Mathe, hata kesho siwezi kufuta. Hii kitu ni blokcheni.”

“Ndiyo mdudu gani huyo?”

Nisikilizeni hapa, enyi mama zangu, maana hakuna aliyetueleza sisi siku walipokuja kutubandikia hizi tegi. Walitupa fulana na soda, tukapiga vigelegele, basi.

“Kila gari ikipita,” Beryl alieleza, “inaandikwa kwa kompyuta nyingi mara moja. Zingine ziko Nairobi, zingine ng’ambo. Na kila andiko imeshikana na ile ya mbele yake kama mnyororo. Ukitaka kubadilisha moja, ubadilishe zote, kwa kompyuta zote. Hakuna mtu anaweza, hata bosi. Ilitengenezwa hivyo ndio watu wasihonge.”

“Kwa hiyo ikiandika uwongo, uwongo huo ni wa milele?”

“Haiandikangi uwongo. Iliandika tegi imepita. Tegi si ilipita?”

Ilipita kweli. Mashine haikumtaja Issa. Mashine ilitaja tegi, na Issa ametajwa na watu.

“Sasa mbona mwanangu kafungwa?”

“Hiyo uliza polisi.”

“Polisi wamesema nikuulize wewe!”

“Mimi najua tegi peke yake, mathe. Nani alikuwa anaendesha, sijui.”

“Kamera je? Si mlisema mtaweka kamera?” Bi Twaiba alinyoosha kidole juu. Mlingoti ulikuwapo, umenyooka vizuri. Juu yake waya mbili zinaning’inia, na kunguru.

“Kamera ni awamu ya pili.”

“Awamu ya pili ni lini?”

“Iko kwa kikao.”

Hapo Bi Twaiba alichoka. Msidhani alichoka miguu. Alichoka na madirisha. Jana kituoni dirisha, jana hiyohiyo hospitalini alikokwenda kumtazama Tembo dirisha, leo hapa dirisha, na nyuma ya kila dirisha mtu anakuelekeza dirisha jingine. Akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

“Beryl. Una mama wewe?”

“Niko naye.”

“Akija dirishani kama mimi, mwanawe hana kosa na kesho anakwenda jela, utamwambia kamera iko kwa kikao?”

Beryl alimtazama. Akazitoa zile nyaya masikioni, moja, halafu ya pili.

“Nipe kitambulisho,” akasema.

Aliandika namba, akabonyeza, akangoja. Mara akaisogelea kompyuta kama mtu asiyeamini anachokiona.

“Mathe. Gari yako iko wapi saa hii?”

“Nyumbani. Juu ya mawe. Nimesema mpaka sauti imekauka.”

“Na kijana yako?”

“Seli!”

“Basi ni nani amepita geti ya Gazi sasa hivi na tegi yako?”

“Unasemaje?”

“Imesomwa Gazi. Sasa hivi tu. Na inakuja huku.”

Bi Twaiba alipiga ukelele uliomrusha kunguru mlingotini. “Alhamdulillahi! Mwanangu yuko ndani ya chuma na tegi inatembea! Andika! Wapigie polisi! Andika upesi kabla haijafutika!”

“Haifutiki, si nimekwambia.” Sasa hata Beryl alikuwa anasema haraka. “Lakini hii pekee haitoshi. Watasema kijana yako aligonga mtu, akapeana tegi. Inatakikana gari ishikwe na tegi ikiwa ndani. Unaweza kuifunga.”

“Kuifunga vipi?”

“Mwenye tegi akisema imepotea ama imeibwa, inafungwa. Ikifika hapa, ile chuma ya geti hainuki. Gari inasimama, na koplo ni yule pale kwa kibanda.”

“Ifunge!”

“Si mimi nafunga, ni wewe. Unaweka kidole hapa. Na ukishafunga, jina yako inaandikwa kwa mnyororo kama hayo mengine. Hata ukuje kunililia baadaye, siwezi kuitoa. Umeelewa?”

“Nimeelewa. Lete hicho kidude.”

Na hapo ndipo simu yenye raba ikalia.

Subira.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Uko wapi?”

“Tuko njiani, tunakuja. Tumeshapita Gazi. Niko na Bi Mwanaima na Mbarak, tunakuja kukupa pole ya Issa.”

Bi Twaiba aliligeuzia dirisha mgongo. “Subira. Ijumaa mlipokuwa mkirudi, mlipita salama hapa Ramisi?”

Akasikia muungurumo wa gari. Akasikia mtu anakohoa.

“Subira, nakuuliza.”

“Mama, tutazungumza nyumbani.”

“Nijibu sasa!”

“Mama, kuna watu. Wacha.”

Simu ikakatika.

Sasa nikuulize wewe unayesoma, ukiwa na watoto. Ungefanyaje? Kuna njia nyepesi ilikuwa imekaa palepale mkononi mwake. Ampigie binti yake tena, amwambie neno moja tu, itupeni hiyo tegi dirishani. Ingelala kwenye miwa ya Ramisi hadi ioze. Mbarak angekuja kama mkwe, angeketi mkekani, angekunywa chai. Subira angeolewa. Na Issa je? Issa angekula miaka ya mtu mwingine.

“Mathe, iko karibu,” Beryl alimwita. “Unaweka kidole ama huweki?”

Bi Twaiba aligeuka. Akaweka dole gumba juu ya kile kioo kidogo.

Kidude kikalia mlio mbaya. Taa nyekundu.

“Haisomi. Panguza jasho.”

Akapangusa kwenye leso. Akaweka tena. Nyekundu.

“Jaribu hiyo ingine.”

Nyekundu. Mikono iliyosuka makuti tangu utotoni, ikakuna nazi, ikafua, ikalima muhogo, ile mistari ya vidole imekwisha, imekuwa laini kama kijiwe cha mtoni. Mashine inataka kujua yeye ni nani, naye hana cha kuionyesha.

“Ya Rabi, hata vidole vyangu havinijui!”

“Pole pole, mathe. Jaribu hii ndogo.”

Akabonyeza kidole cha mwisho kwa nguvu kama anayemzika mtu. Taa ikasita. Ikawaka kijani.

“Imefungwa,” Beryl akasema.

Na kwenye kona ya barabara ikatokea Noah nyeupe.

* * *

Mbele yake lilikuwapo lori la miwa. Chuma kikainuka, lori likapita, chuma kikashuka. Noah ikasogea taratibu, kwa raha, kama gari linalojua kwamba litafunguliwa.

Chuma hakikuinuka.

Ubao wa juu ukawaka maandishi mekundu yanayosomeka hata kwa aliyekaa nyuma kabisa: TEGI IMEFUNGWA NA MWENYEWE.

Honi nyuma zikaanza. Koplo Nzai, askari wa pale getini, alitoka kibandani akijifuta chai midomoni. Beryl alikuwa ameshamfikia, anamweleza kwa mikono yote miwili. Koplo akaizunguka Noah. Akasimama mbele yake, akainama. Taa ya kulia ilikuwa ya zamani, imepiga manjano. Ya kushoto ilikuwa mpya, inametameta, bado ina karatasi ya dukani pembeni.

“Zima gari,” akasema. “Shukeni wote.”

Alianza kushuka Bi Mwanaima, baibui limekaa sawasawa, kanukia udi. “Afande, kuna nini? Sisi ni watu wa heshima, tunakwenda kwa mkwe wetu. Hiyo tegi ni yake, ilitufikia kwa bahati mbaya ndani ya kikapu. Ndiyo tunamrudishia. Naye huyo hapo! Mama Issa, mwambie!”

“Mnanirudishia,” Bi Twaiba alisema. Sauti ilikuwa ndogo hata yeye alishangaa. “Mlijua tangu lini kuwa mnayo?”

“Tuliiona usiku uleule, tulipokata mkate.”

“Na mlijua mwanangu amekamatwa kwa ajili yake?”

Bi Mwanaima akatengeneza mtandio ambao haukuwa na tatizo. “Tulisikia. Ndiyo maana tunakuja kukupa pole.”

“Pole! Mmekata mkate mkala, mkaona tegi, mkasikia Issa kashikwa, mkaniletea pole?”

“Mama Issa, usinipandishie sauti barabarani.”

“Barabarani ndipo mlipomwacha Tembo!”

Koplo Nzai aliinua mkono. “Akina mama, nyamazeni. Mimi nauliza swali moja tu. Ijumaa jioni, gari hili lilikuwa na nani usukani?”

Honi zilikuwa zikiendelea. Mbarak alikuwa ameshuka, kaegemea mlango. Kijana mtaratibu, mfupi, shati limepigwa pasi kwa ajili ya ukweni. Alitazama chini. Akatazama upande wa pili wa gari, alikosimama Subira. Kisha akamtazama koplo.

“Mimi,” akasema.

“Mbarak!” Bi Mwanaima alimrukia. “Unasema nini wewe? Nyamaza! Afande, usimsikilize, huyu hajala tangu asubuhi!”

“Ni mimi, afande. Kiza kilikuwa kimeanza kuingia. Sikumwona yule mtu na baiskeli yake. Nikaogopa, nikakanyaga mafuta.”

“Mbarak, nakuapia maziwa niliyokunyonyesha, nyamaza!”

“Mama, basi.”

Bi Mwanaima akashika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kulia kwa sauti, pale katikati ya barabara, mbele ya malori. Na Bi Twaiba, Mungu amsamehe, hakumhurumia hata kidogo. Alihisi hewa inamwingia kifuani kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Issa anatoka! Posa imekufa, haidhuru, afadhali imekufa kabla ya ndoa. Akasema moyoni, lia, mwenzangu, lia na wewe. Mimi nimelia peke yangu siku zote hizi.

Koplo alimshika Mbarak mkono. “Simu yako. Ufunguo. Ingia kibandani.”

“Na mwanangu?” Bi Twaiba alimfuata. “Issa atatoka leo?”

“Nikishaandika maneno ya huyu, nitapiga simu kituoni. Ngoja hapo, mama. Umefanya jambo kubwa leo.”

Umefanya jambo kubwa. Maneno matamu. Beryl alimletea kiti cha plastiki na maji ya chupa, na safari hii akamwamkia. Bi Twaiba akanywa.

Ndipo Subira akamjia.

Hakuwa analia. Alikuja kama mtu anayetembea juu ya makaa, akasoma yale maandishi mekundu ubaoni, halafu akapiga magoti mbele ya kiti.

“Mama, umeifunga wewe?”

“Nimeifunga mimi.”

“Ulijua nimo garini?”

“Nilijua. Na wewe, Subira? Ulijua kakako yumo seli?”

“Nilijua.”

“Siku mbili! Unauza panadoli za watu, unajua! Kwa ajili ya mwanamume! Huyo Mbarak wako ana nini cha dhahabu hata umuuze Issa?”

“Mama, teremsha sauti.”

“Siteremshi! Ameshasema mwenyewe, ni yeye…”

“Si yeye, mama.”

Bi Twaiba akamwinamia.

Subira alimsogelea hadi kitambaa chake cha kichwa kikamgusa mamake shavuni. Sauti ilikuwa pumzi tupu.

“Nilikuwa mimi. Alikuwa ananifundisha kuendesha, nilimwomba mwenyewe. Tulibadilishana viti kabla hatujafika Ramisi. Yeye alitaka tusimame, mimi nikakanyaga mafuta. Na Issa anajua, mama. Jana nilimpelekea chai kituoni, nikamwambia yote. Akanambia ninyamaze nikaolewe, yeye mwanamume, atavumilia.”

Maji yakamwagika. Chupa ikaviringika chini ya kiti hadi kwenye lami.

Bi Twaiba alitazama kibandani. Mbarak alikuwa ameketi, mgongo wima, anatamka maneno na koplo anaandika. Mlangoni Bi Mwanaima kajibwaga chini, udi wote umekwisha, baibui limejaa vumbi, anarudia jambo moja tu. Sasa Bi Twaiba alilisikia vizuri. Kumbe tangu mwanzo hakuwa akimwombea mwanawe huruma. “Hakufanya,” alikuwa akisema. “Hakufanya, mwanangu hakufanya.” Maneno yaleyale. Bi Twaiba aliyasema jana, dirishani, kituoni, na hakuna aliyemsikiliza.

Koplo Nzai aliinua kichwa. Aliwaona mama na binti wameshikana, akaona na ile chupa. Akaiweka kalamu chini, akatoka, akaja taratibu hadi mbele ya kiti.

“Bi Twaiba,” akasema, “huyo binti yako anakunong’oneza nini?”